Kumtafuta babu wa babu yako Lamu na Malindi: fuata nikahi, mirathi na shamba

Watu wengi wakitaka kumjua babu wa babu yao wanakimbilia cheti cha kuzaliwa, na wanakwama hapo hapo, manake wazee wetu hawakuandikwa walipozaliwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya 1928 na ilisambaa pole pole wilaya kwa wilaya, mpaka 1971 ndo ikawa ni lazima Kenya nzima. Sasa mtu aliyezaliwa Matondoni au Mambrui miaka ya 1890 cheti utakitoa wapi? Lakini mtu huyo huyo alioa, pengine aliacha akaoa tena, alirithi, aliuza minazi, aligombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, aliweka nyumba wakfu ya msikiti, na kila moja katika hayo iliacha karatasi mahali. Kwa hivo huku kwetu usimtafute mtu kwa kuzaliwa kwake. Mtafute kwa nikahi, kwa mirathi na kwa mali. Ukilishika hilo kazi inakuwa nyepesi sana.

Kabla hujatoka nyumbani

Anza na wazee, na katika wazee anza na wanawake. Wanaume watakupa nasaba ya upande wa baba, fulani bin fulani bin fulani mpaka saba, lakini ukiwauliza mke wake wa pili alikuwa nani na alitoka mtaa gani hapo wanaanza kuangaliana. Nyanya yako au shangazi yake babako ndo anajua nani aliachwa akarudi kwao Siyu, nani alinyonya pamoja na nani, mtoto gani alizaliwa kabla na yupi baada ya harusi ya nani. Nenda baada ya laasiri, toa shikamoo yako, kaa, ongea mambo mengine kwanza, usiingie na kalamu mkononi kama karani wa sensa. Omba ruhusa ya kurekodi na simu, akikataa usirekodi, sikiliza tu alafu ukifika nyumbani andika yote usiku huo huo kabla hayajapotea.

Jambo moja lazima uliseme mapema tena kwa uwazi: hutaki nyumba wala shamba. Huku mtu akianza kuulizia wazee wenye nyumba Mkomani (mtaa wa Lamu mjini) au mashamba ya Hindi na Mokowe (bara ya Lamu) watu wanajiuliza anadai nini, na tangu bandari ya Lamu ianze kazi 2021 ardhi imekuwa jambo zito zaidi. Waambie unatafuta historia, na uwaahidi kuwapa nakala ya kila utakachopata. Alafu timiza ahadi.

Ukiuliza tarehe usiulize mwaka, uliza tukio. Alizaliwa kabla au baada ya vita vya Wagiriama na Waingereza (1914)? Alikuwa ashaoa Waitaliano walipotupa mabomu Malindi (Oktoba 1940)? Alikuwa hai mafuriko ya 1961? Walihamia Lamu mjini kwa sababu ya vita vya shifta (waasi wa kaskazini), yaani baada ya 1963? Swali la shifta ni la maana sana kwa Wabajuni, manake vijiji vingi vya bara upande wa Kiunga vilikimbiwa, watu wakatawanyika Lamu, Malindi na Mombasa, na makaratasi mengi yalipotea njiani, kwa hivo ukoo mmoja unaweza kuwa na mkono mwengine Malindi ambao upande wa Lamu wameshausahau.

Mwezi nao utaambiwa kwa mifungo. Mfungo Mosi ni Shawwal, unahesabu kwenda mbele, Mfungo Nne ni Muharram, Mfungo Sita ndo mwezi wa Maulidi, Mfungo Tisa ni Jumada ya pili, alafu inakuja Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mwaka wa hijria ukitaka kuugeuza haraka haraka zidisha mara 0.97 alafu ongeza 622, kwa mfano 1320 inakupa 1902. Hiyo ni ya kukisia, ukitaka siku kamili kuna apu za kalenda za kubadilisha. Mfungo Sita wa 1320 kwa mfano unaangukia mwezi wa sita 1902.

Sasa makaratasi ya nyumbani. Uliza kama ukoo una ile karatasi ya majina ya marehemu inayosomwa kwenye hitima na arwahi (dua za kuwaombea wafu). Familia nyingi wanayo, imenakiliwa na kunakiliwa tena, na ndani yake kuna majina ya watu ambao hakuna aliye hai anayewakumbuka, wanawake kwa wanaume. Angalia jinsi majina yalivyopangwa, mara nyingi yanafuatana kwa nyumba. Angalia pia kurasa za mwisho za misahafu na vitabu vya zamani vya maulidi na fiqhi, kuna wazee walikuwa wakiandika humo "amezaliwa mwanangu fulani usiku wa Ijumaa" na tarehe ya hijria. Kama nyinyi ni masharifu basi shajara ya nasaba (mti wa ukoo) ipo kwa mmoja wenu, lakini shajara inataja wanaume, wake na mabinti itabidi uwatafute kwengine.

Na uliza kuhusu kasha. Karibu kila nyumba ya zamani ina kasha au sanduku la bati ambalo lina hati. Utakuta karatasi imekunjwa mara nne, wino umegeuka rangi ya kahawia, juu Bismillahi, maandishi ya Kiarabu au Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, chini muhuri au sahihi ya kadhi na majina ya mashahidi. Usiifungue kwa nguvu, kwenye mikunjo ndo inapokatika. Iweke juu ya meza safi, ifungue pole pole, kama inakataa iache ilivyo. Piga picha kwenye mwanga wa dirisha bila flashi, upande wa mbele na wa nyuma, manake nyuma mara nyingi kuna mstari mmoja ulioongezwa miaka mingi baadaye, "imehamia kwa fulani". Usiwekeshe plastiki ya moto (laminesheni), itaharibu moja kwa moja. Na usiondoke na asili hata kama wanakupa, chukua picha tu.

Hati ya shamba au nyumba ya zamani kwa kawaida inataja mipaka minne, na kila mpaka una jina la jirani. Upande wa kibla kwa fulani, upande wa jua linapotoka kwa fulani. Kwetu Lamu kibla ni kaskazini, kwa hivo ukisoma upande wa kibla unajua ni juu kwenye ramani. Majirani hao waandike wote, wengi ni ndugu wa tumbo moja ambao shamba la baba yao liligawanywa, na hapo unapata ndugu za mzee wako ambao hakuna aliyekutajia. Kama huwezi kusoma mwandiko mpelekee ustadh aliyezoea hati za zamani, si kila anayesoma msahafu anaweza kusoma hati, mwandiko wake ni mwengine na nukta huwa hazipo. Pate inaweza kuandikwa kama Bate, kwa hivo aliyezoea majina ya visiwa ndo atakusaidia zaidi.

Karatasi ya majina

Kabla ya kuingia ofisi yoyote tengeneza ukurasa mmoja wenye kila namna ambayo jina lake lingeweza kuandikwa. Karani Mwingereza, karani Mhindi na kadhi hawakuandika jina sawa. Athman ni Uthman ni Othman. Abubakar anaweza kuwa Abubakari au Bakari. Shee, Shehe, Sheikh. Omar, Umar, Omari. Ongeza majina ya mtaani, lakabu, kina Bwana fulani na Mwana fulani, na kabila au nisba (jina la ukoo au la mahali alikotoka).

Kabila liwekee alama ya kuuliza. Wakati wa ukoloni kuandikwa Mwarabu au Mswahili au Mbajuni kulikuwa na maana ya kodi gani unalipa na haki gani unapata, kwa hivo ndugu wawili baba mmoja wanaweza kuwa na makabila mawili kwenye makaratasi ya serikali, na mtu mmoja akabadilika kutoka karatasi moja hadi nyengine. Usimkatae mzee wako eti kwa sababu kabila halilingani. Pia kumbuka wajukuu wanapewa jina la babu, Ali bin Omar bin Ali bin Omar, ukiona Omar bin Ali peke yake hujui ni yupi mpaka upate jina la tatu au jina la mke.

Kwa kadhi

Hapa ndo penye hazina. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa 1906, na mahakama za kadhi ziko Lamu na Malindi mpaka leo. Nenda rejista ukiwa na kitambulisho, majina yako ya karatasi, miaka unayokisia, na maelezo mafupi ya undugu wako na marehemu. Ongea na karani kwa heshima, rejista za zamani si vitabu vya kuchukua rafuni, pengine zitatafutwa wiki nzima, pengine utaambiwa urudi. Rudi.

Kwenye kuandikishwa kwa ndoa tafuta bwana harusi na babake, bibi harusi na babake, walii (jamaa wa kiume anayemwoza bibi harusi), mahari, mashahidi, tarehe, mahali. Watu wengi wananakili majina ya maharusi wakaondoka, na walii ndo mwenye habari zaidi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi walii wa kwanza ni baba, alafu babu wa upande wa baba, alafu kaka wa baba na mama mmoja, alafu kaka wa baba mmoja, alafu watoto wao wa kiume, alafu ndo ami. Basi ukikuta bibi harusi ameozwa na kakake, kuna uwezekano mkubwa babake alikuwa ameshakufa au yuko safari ya mbali, labda Arabuni na jahazi la boriti. Akiozwa na ami, huenda hakuwa na kaka aliyebaleghe. Kwa mstari huo mmoja unaweza kukadiria kifo cha mtu ambaye hana kaburi linalojulikana wala karatasi ya kifo. Uthibitishe na kitu kingine, lakini ni mwanzo mzuri mno.

Ukikuta walii ni kadhi mwenyewe jiulize kwa nini hakukuwa na jamaa wa kiume karibu. Na ukikuta walii ni mtu wa ukoo mwengine kabisa, usipite haraka, nitarudi kwenye hilo mbele kidogo.

Talaka nazo zisome. Najua wengine wanaona haya, lakini talaka ndo inakwambia kwa nini bibi yako ana ndugu wa mama mmoja Faza ambao mlikuwa hamuwajui.

Mirathi ni bora kuliko zote. Faili ya mirathi inataja warithi wote, mke au wake, watoto wa kiume na wa kike, mama na baba kama wako hai, na kama hakuna watoto wa kiume wala baba wanaingia ndugu. Mafungu yenyewe yanakuhakikishia undugu: mke mwenye thumuni (moja ya nane) maana yake marehemu aliacha watoto, mke akipata robo hakuacha. Wake wawili wanagawana thumuni hiyo hiyo, kwa hivo ukiona moja ya kumi na sita ujue kuna mke mwengine, mtafute. Nyumba nyingi za mawe Lamu hazikugawanywa vizazi na vizazi, alafu siku moja mtu anataka kuuza na kadhi analazimika kufanya munasakha, yaani kugawa mirathi ya aliyekufa, alafu ya mrithi wake aliyekufa, alafu ya mrithi wa huyo. Karatasi moja ya munasakha inaweza kukupa vizazi vinne kwa mpangilio na hesabu zake. Waulize wazee ni nyumba gani ya ukoo iliwahi kuuzwa, alafu ukatafute faili ya mwaka huo, si ya mwaka aliokufa babu.

Ardhi na wakfu

Mwaka wa 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya pwani, kila anayedai shamba aende akalidai, na lisilodaiwa likahesabiwa la serikali. Malindi hasa ndo wazee wengi walipeleka madai, na katika madai mtu alitakiwa aeleze shamba amelipataje, kununua, kurithi kwa nani, au kufyeka msitu. Ukipata dai la mzee wako umempata yeye na aliyemrithisha. Ndugu zetu Wamijikenda wengi hawakudai au madai yao hayakukubaliwa, na hilo ni jeraha mpaka leo, kwa hivo kutokuweko kwa jina humo si ushahidi kwamba mtu hakuwa na shamba. Hati nyingi za zamani za pwani zina namba ya CR, na rejista yake iko Mombasa. Ukiwa na namba ya kiwanja fanya utafutaji rasmi, ada yake si kubwa.

Kama mzee aliweka wakfu nyumba, kisima, minazi, basi pitia pia kwa Tume ya Wakfu, Mombasa. Hati ya wakfu inataja nani asimamie baada yake, na huyo kwa kawaida ni mtoto au mpwa. Imamu na wazee wa msikiti wanajua wakfu za msikiti wao, waulize wao kwanza.

Nairobi, na mtandaoni

Jumba la kumbukumbu za taifa liko Moi Avenue, Nairobi. Unaingia na kitambulisho, unalipa ada ndogo, unapewa nafasi ya kusoma. Omba faili za mkoa wa pwani (PC/Coast) na za wilaya za Lamu na Malindi. Mtu wa kawaida hutamkuta sana humo, lakini kama mzee wako alikuwa liwali, mudir (mtawala chini ya liwali) wa Mambrui au Faza, kadhi, mzee wa mtaa, askari, au aliwahi kuandika barua ya malalamiko, unaweza kumkuta. Barua za malalamiko ni tamu kuzisoma, watu waliandika kwa ujasiri, na chini kuna majina kumi ishirini ya waliotia dole gumba, mtaa mzima umo.

Gazeti rasmi la serikali limekuwa likitoka tangu 1899 na matoleo mengi yamepigwa skani, unayapata bure Google Books na kwenye tovuti ya Kenya Law. Humo kuna matangazo ya mirathi, hati zilizopotea, uteuzi wa makadhi na mamudir, leseni. Ingiza kila namna ya jina kutoka kwenye ile karatasi yako, alafu jaribu jina la mahali peke yake, "Lamu" au "Mambrui", na mwaka, manake skani inakosea herufi za majina yetu mara nyingi sana.

Kama alisoma MIOME, chuo cha Waislamu Mombasa, au alikuwa KAR (jeshi la kikoloni la King's African Rifles) wakati wa vita, fuata huko pia. Miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mradi wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini na unaweza kuiona mtandaoni, mara nyengine kwenye kitabu cha zamani kuna jina la aliyekinakili au aliyekimiliki.

Usisahau Unguja. Mwambao wetu ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka Desemba 1963, na jumba la nyaraka Kilimani lina makaratasi ya kibalozi, ya mahakama na ya mali za watu. Familia ya Lamu yenye jamaa Unguja isiache kupita huko. Barua za mabalozi wa Uingereza wa miaka ya 1880 kuhusu Lamu na Witu zenyewe ziko kwenye kumbukumbu za taifa za Uingereza, Kew, London.

Kama njia inaelekea utumwani

Nilisema nitarudi kwa walii wa ukoo mwengine. Katika fiqhi aliyemwacha mtu huru anakuwa na haki ya uwalii kama hakuna jamaa wa damu, kwa hivo walii asiye ndugu inaweza kuwa dalili kwamba bibi harusi au wazazi wake waliwahi kuwa watumwa wa ukoo ule. Malindi iliinuka tena miaka ya 1860 kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria katika mwambao huu mpaka 1907. Watu wengi sana wa Malindi, Mambrui na Lamu wana mzee aliyepitia hapo. Ni kizazi cha babu wa babu zetu, si zamani za mbali.

Ukifika hapo njia ni kumtafuta bwana wake. Tafuta hati za kuacha huru, mirathi ya bwana (watumwa waliorodheshwa na mali), na madai ya fidia ambayo mabwana walipeleka serikalini baada ya 1907, anza kwenye faili za wilaya. Waliokimbilia misheni waliandikwa kwenye vitabu vya ubatizo, Rabai na Freretown, na makaratasi ya CMS (misheni ya Kianglikana) yako chuo kikuu cha Birmingham. Jina pekee lisikuamulie, kina Mabruki, Feruzi na Baraka wako wa kila namna.

Na tafadhali, uangalifu. Ukipata habari hii kuhusu ukoo wako zungumza na wazee wako kwanza, faraghani, kabla ya kuiweka kwenye grupu la WhatsApp la familia. Ukiipata kuhusu ukoo wa mtu mwengine si yako kuitangaza. Mimi naona mzee aliyeletwa kwa nguvu kutoka bara, akaishi, akaoa, akaacha watoto waliosimama, anastahili kutajwa kwa jina lake kwenye hitima sawa na nahodha na sharifu. Lakini wenye kuamua ni wenyewe.

Kuweka pamoja

Kila habari iandikie imetoka wapi: nani alisema na lini, au rejista gani, mwaka gani, namba gani. Mambo mawili yakipingana yaandike yote mawili, usichague lile linalokupendeza. Kanuni yangu ni kwamba kiungo cha baba na mtoto nakiandika kwa kalamu kikiwa na ushahidi wa namna mbili tofauti, kwa mfano mdomo wa nyanya na faili ya mirathi, na kabla ya hapo kinabaki kwa penseli. Makaburi yakague mwisho, mengi huku hayana maandishi, nenda na mtu ambaye huzuru pale kila mwaka akuonyeshe nani amelala wapi, na uchore ramani ndogo ukianzia kwenye ukuta wa msikiti, kwa hatua.

Picha za hati zihifadhi sehemu mbili, moja kwako na moja kwa ndugu aliye mji mwengine, na jina la faili liwe na mwaka, mahali na jina, kwa mfano 1902-Mambrui-shamba-Omar-bin-Ali. Alafu chapisha nakala moja ya karatasi, ipeleke kwa wale waliokufungulia kasha.